Msonobari na kunde: mwongozo kamili wa kulinganisha mimea miwili kwa mikono yako mwenyewe, ukiwa Mwanza

Ukimuuliza mwanafunzi tofauti ya msonobari na kunde, mara nyingi ataanza na urefu: ule ni mti, hizi ni mboga. Jibu hilo si la uongo, ila halimfikishi mbali. Mninga ni mti mkubwa na uko katika jamii moja na kunde. Mkwaju vilevile, na mgunga vilevile. Anayepima kwa urefu ataupeleka mninga upande wa msonobari, na kuanzia hapo kila anachoandika kitakwenda upogo.

Swali linalofaa kuanza nalo ni hili: mbegu imekaa wapi? Kwenye msonobari, mbegu hulala wazi juu ya gamba la koni, kile kitu kigumu chenye magamba kinachobeba mbegu zake. Kwenye kunde, mbegu hukua ndani ya ovari, kifuko cha uzazi cha ua, iliyofunga pande zote, na ovari hiyo ndiyo inayokomaa kuwa ganda tunalolipasua tunapochambua kunde. Tofauti nyingi nyingine, za ua, za tunda, hata za safari ya chavua, zinatokana na hiyo moja.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari, wa mwalimu ambaye maabara yake haina hadubini, na wa yeyote anayeishi Mwanza au popote kandokando ya Ziwa Victoria anayetaka kuijua mimea kwa kuishika. Kazi yote inafanyika kwa wembe, lenzi ya mkono na vitu vya nyumbani.

Nimechagua kunde kwa kuwa Usukumani hakuna asiyezijua: majani yake hupikwa mabichi, na yakikaushwa ni nsansa, mboga ya kiangazi. Tena zinavumilia udongo wa kichanga ambao maharage huuchukia. Kama una choroko, hatua zote zinakwenda vilevile. Dengu nazo zinafaa, ila maua yake ni madogo na utahangaika kuyapasua.

Hatua ya 1: Panda kunde kabla ya kitu kingine chochote

Msonobari uko pale mwaka mzima. Kinachopanga ratiba yako ni kunde. Mbegu huchomoza baada ya siku 3 hadi 5 udongo ukiwa na unyevu, na aina zinazowahi hutoa maua kati ya wiki ya 6 na ya 8. Aina za kienyeji zinazotambaa zinaweza kuchelewa zaidi, hivyo muulize anayekuuzia mbegu kama ni za kuwahi.

Usipande zote siku moja. Panda kwa mafungu matatu, ukiacha wiki mbili hadi tatu kati ya fungu na fungu. Siku ya kufanya ulinganisho utakuwa na mche mchanga, mmea wenye maua na mmea wenye maganda, vyote kwa pamoja. Mwalimu mwenye darasa kubwa asiruke jambo hili, maana darasa likikutana na mmea wa umri mmoja tu, nusu ya kazi inabaki kuwa hadithi ya ubaoni.

Ndoo ya lita 10 iliyotobolewa chini inatosha mimea miwili au mitatu. Fukia mbegu kina cha sentimita 3 hadi 5. Udongo bora kwa kazi hii ni ule wa kichanga unaoitwa luseni, unaotokana na mawe ya matale yaliyojaa Mwanza. Udongo mweusi wa mbuga unarutubisha, lakini ukikauka unashika mizizi kwa nguvu, na ukiivuta inakatika pamoja na vinundu unavyovitaka, vile vivimbe vidogo vya mizizi wanamoishi bakteria.

Udongo huo uchote kwenye shamba lililowahi kuoteshwa kunde, choroko au karanga. Mimea hiyo mitatu inashirikiana na kundi moja la bakteria wa kwenye mizizi, na bila bakteria hao Hatua ya 6 haitakuwa na cha kuonyesha. Usiweke urea. Mmea unaopewa naitrojeni ya dukani hupunguza kutengeneza vinundu.

Hatua ya 2: Hakikisha mti wako ni msonobari kweli

Hapa ndipo wengi hupotea, hasa kwetu ziwani. Mvinje umepandwa sehemu nyingi kama kizuizi cha upepo na pambo, una vijiti vyembamba vya kijani vinavyoning'inia, na una vitu vidogo vigumu vinavyofanana na koni. Watu huuita mti wa Krismasi, nao wanafunzi huuchukua kama mfano wa konifa, yaani miti ya koni kama msonobari. Mvinje si konifa. Ni mmea unaotoa maua, na mbegu zake zimo ndani ya vitunda vidogo vyenye bawa.

Jaribio la kuutambua ni rahisi. Chukua "sindano" moja uivute taratibu kwa ncha zote mbili. Ya mvinje itakatika kwenye kifundo, na ukitazama kwa lenzi utaona duara la vijino vidogo mahali pa kukatikia. Vijino hivyo ndiyo majani halisi ya mvinje. Ulichokuwa umeshika ni kishina. Sindano ya msonobari haina vifundo. Ni jani moja refu, na hutoka katika kishada kilichofungwa chini na kijifuko cha rangi ya kahawia.

Hesabu sindano katika kishada. Msonobari unaostahimili joto la ukanda wetu, Pinus caribaea, kwa kawaida una sindano 3, ingawa vishada vya 4 au zaidi hutokea. Pinus patula, unaojaza mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, nao huwa na 3, ila sindano zake ni laini na zinaning'inia. Msaipresi, ule unaopandwa kuwa ua wa nyumba, hauna sindano kabisa: majani yake ni magamba madogo yaliyobana kijiti. Msaipresi ni konifa halali, na ukikosa msonobari unaweza kuutumia. Koni zake ni za mviringo na ndogo, kwa hiyo upasuaji utahitaji uvumilivu zaidi.

Hatua ya 3: Kusanya, kwa ruhusa

Misonobari michache michache utaikuta kwenye viwanja vya shule kongwe, misheni na makazi ya zamani. Ukitaka kuona msitu mzima wa kupandwa, mkoa wa Mwanza una Shamba la Miti Buhindi, upande wa Buchosa, na shamba la Rubya katika kisiwa cha Ukerewe. Yote mawili yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Buhindi sasa inafikika kwa kuvuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Rubya ni kwa meli hadi Nansio. Andika barua ya shule mapema, eleza idadi ya wanafunzi na kwamba mnahitaji koni zilizoanguka, matawi machache na mizizi midogo. Usiingie na wembe msituni bila mwenyeji.

Beba vitu hivi nyumbani:
- tawi moja lenye sindano na ncha inayokua;
- koni changa ya kijani, na koni kavu kadhaa ambazo hazijapoteza mbegu zote;
- koni za kiume, kama zipo: vishada vya vitu vidogo vyenye rangi ya manjano au kahawia kwenye ncha za matawi, ambavyo hutoa vumbi ukivigusa;
- mizizi midogo kutoka chini ya takataka za sindano, ikiwa na udongo wake.

Funga tawi na mizizi kwa gazeti lililolowekwa, kisha tia katika mfuko. Koni kavu ziweke peke yake, zisipate unyevu. Chukua koni kavu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, maana msonobari huu uliotoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi mara nyingi hutoa mbegu chache ukipandwa karibu na ikweta, na koni zingine utazikuta tupu.

Maua ya kunde yachume siku ileile ya kazi, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Ua la kunde hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na likishajifunga halifunguki tena. Chuma pia vitumba ambavyo havijafunguka. Utaona baadaye kwa nini.

Hatua ya 4: Majani

Weka jani la kunde na kishada cha sindano kwenye sahani nyeupe. Jani la kunde limegawanyika vijani vitatu juu ya kikonyo kimoja, lina vena zinazosambaa kama wavu, na ni pana na laini. Sindano haina wavu: mishipa yake inakwenda moja kwa moja kutoka shina hadi ncha, bila matawi. Ikate katikati kwa wembe na utazame kwa lenzi. Utaona umbo la kipande cha duara, kwa sababu sindano tatu zikirudishwa pamoja zinatengeneza kijiti cha mviringo.

Sasa pima upotevu wa maji. Chukua majani ya kunde na sindano zenye uzito sawa, gramu 20 kila upande zinatosha. Mizani ya jikoni ya kidijitali inafaa; ukiweza kuazima mizani ya sonara, bora zaidi. Tandaza kila fungu kwenye sahani yake, zote kivulini penye hewa, na pima kila baada ya saa moja hadi saa tano zipite. Kunde zitalegea mapema na uzito kushuka haraka. Sindano zitabaki zimesimama. Sababu ni tatu na zote zinaelezeka: nta nene juu ya sindano, stomata (vitundu vya kupitishia hewa) zilizozama ndani ya vishimo, na eneo dogo la uso ukilinganisha na ujazo. Chora grafu ya uzito dhidi ya saa. Grafu hiyo inasema mengi kuliko sentensi "majani ya msonobari yamejikinga na ukame" ambayo kila mtu huinakili.

Hatua ya 5: Shina, ukipitia kwa seremala

Kunde ni laini mno kuonyesha mbao, hivyo hapa tunamwazima ndugu yake. Nenda kwa seremala yeyote umwombe vipande viwili vya mabaki: paini, ambayo ndiyo mbao ya msonobari, na mninga. Safisha kichwa cha kila kipande, yaani ule upande unaoonyesha pete, kwa wembe mpya mpaka kiwe laini. Lowesha kidogo, tazama kwa lenzi.

Kwenye mninga utaona vitundu, vingine vinaonekana hata kwa macho matupu. Hiyo ni mirija ya kupandisha maji. Kwenye paini hutaona mirija hiyo, kwa sababu maji hupandishwa na seli nyembamba ndefu ziitwazo trakeidi, ambazo ni ndogo mno kwa lenzi ya mkono. Tundu moja moja utakaloliona kwenye paini ni njia ya utomvu. Utomvu huo ukikushika vidoleni, paka mafuta ya kula kwanza ndipo uoshe kwa sabuni.

Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya vipande hivi viwili ameelewa kwamba jamii ya mikunde haina urefu maalum.

Hatua ya 6: Mizizi

Kama ningepewa muda wa hatua moja tu nje ya ile ya ua na koni, ningeutumia hapa, maana kazi ya chini ya ardhi ndiyo inayomgusa mkulima.

Mwagilia ndoo ya kunde mpaka udongo ulegee, laza ndoo ubavu, toa bonge zima, kisha lisuuze kwenye beseni la maji. Usivute. Tumia mmea ulioanza kutoa maua. Ukisubiri maganda yajae, vinundu vingi vitakuwa vimeanza kuchoka. Kwenye mizizi utaona vinundu vya mviringo. Kimoja ukikisugua kwa kidole kinabanduka, tofauti na uvimbe wa minyoo fundo, ambao ni mzizi wenyewe uliovimba na haubanduki. Wakulima wengi huchanganya hivyo viwili, na tofauti yake ni kubwa: kimoja ni rafiki, kingine ni ugonjwa.

Kata vinundu vitano au zaidi kwa wembe. Rangi ya ndani ndiyo jibu:
- waridi au nyekundu: bakteria wanafanya kazi; rangi hiyo ni ya protini iitwayo leghemoglobini, inayodhibiti oksijeni ndani ya kinundu;
- nyeupe: bado changa, au bakteria wasiofaa;
- kijani au kahawia: kimezeeka.

Bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Mmea nao unawalipa kwa sukari. Ndiyo maana kunde hukubali luseni iliyochoka, na mahindi yanayofuata baada yake hufaidika, hasa kama mabaki ya kunde yamelimiwa ndani.

Sasa geukia mizizi ya msonobari. Ioshe taratibu katika sahani yenye maji. Hutaona vinundu. Tafuta vijizizi vifupi vilivyogawanyika kama herufi Y, vimevaa ngozi nyeupe au ya kahawia isiyo na vinyweleo. Huo ni muungano wa mzizi na fangasi, mikoriza. Nyuzi za fangasi zinaenea mbali kuliko mzizi wenyewe unavyoweza, zinaleta maji na fosforasi, na mti unalipa kwa sukari, vilevile kama kunde.

Ushirikiano huo una historia kwetu Afrika. Hakuna aina ya Pinus iliyokuwa ikiota porini kusini mwa Sahara. Wakoloni walipoleta mbegu za misonobari, miche ilidumaa na kugeuka manjano kwenye vitalu vingi, mpaka walipochanganya udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokwisha kustawi. Fangasi hawakuwepo katika udongo wetu, na mti bila wao haukuweza. Anayepanda msonobari leo kwa mara ya kwanza mahali pageni bado anafanya hivyo: anatia udongo wa shamba la zamani kwenye kitalu.

Kwa hiyo katika daftari lako usiandike "kunde ina ushirikiano na vijidudu, msonobari hauna." Andika nani anashirikiana na nani, na analetewa nini.

Hatua ya 7: Ua na koni

Tenga muda mrefu kuliko hatua zote. Anza na ua la kunde.

Shika ua kwa kikonyo. Chini kuna sepali za kijani zilizoungana kuwa kikombe. Ng'oa petali moja moja na uzipange mezani kwa utaratibu ulizokuta: moja kubwa ya nyuma iliyosimama, mbili za pembeni zilizo kama mabawa, na mbili za mbele zilizoshikana pamoja zikawa na umbo la ngalawa. Jumla 5. Umbo hili likishakukaa kichwani, utalitambua kwenye choroko, maharage, mbaazi, karanga, na marejea ya barabarani.

Fungua ngalawa kwa pini. Ndani kuna stameni 10, viungo vya kiume vya ua: tisa zimeungana chini kuwa bomba, ya kumi iko peke yake. Ihesabu mbele ya darasa, maana wanafunzi huwa hawaamini hadi waione. Bomba hilo linaizunguka ovari, nyembamba, ya kijani, ndefu. Ipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini, chini ya lenzi. Utaona ovuli zimepangwa kwa mstari mmoja. Ovuli ni mbegu za kesho, na ukuta ulioupasua ni ganda la kesho. Weka kando yake ganda changa la siku chache na ganda kavu. Mstari wa mbegu ni uleule, ukubwa tu umebadilika.

Chukua sasa kitumba kisichofunguka, ukipasue. Mara nyingi utakuta chavua imeshatoka na kugusa stigma, ncha inayopokea chavua, kabla hata ua halijafunguka. Kunde hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa. Nyuki na wadudu wengine hulitembelea ua, na mara chache huchanganya chavua ya mmea mmoja na mwingine, lakini mmea hauwategemei. Kwa sababu hiyo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu zake mwaka hadi mwaka bila aina kuharibika sana.

Msonobari hauna lolote kati ya hayo. Hauna petali, sepali, stigma wala ovari. Una koni za aina mbili kwenye mti mmoja. Zile za kiume ni ndogo, laini, zinatoa chavua kwa siku chache kisha zinakauka na kuanguka. Gonga kishada juu ya karatasi nyeusi: vumbi la manjano litatanda. Kila chembe ya chavua ina vifuko viwili vya hewa vinavyoisaidia kuelea. Ukipata hadubini siku moja, hii ndiyo slaidi ya kwanza ya kuiandaa. Upepo ndio mbebaji, na kwa kuwa upepo haulengi, mti hutoa chavua nyingi mno.

Koni ya kike ndiyo ile ngumu inayojulikana. Ipasue changa ya kijani kwa kisu imara, kutoka kitako hadi ncha, ukiwa umeilaza juu ya ubao na vidole viko mbali. Kuna mhimili katikati na magamba yaliyopangwa kwa mzunguko. Sasa chukua koni kavu, uibandue magamba kwa koleo, na utazame upande wa juu wa kila gamba: kuna alama mbili, kila moja mahali palipolala mbegu moja. Mbegu 2 kwa gamba. Hazikufungwa na chochote. Zilifichwa tu na gamba la jirani lililobana, na koni ilipokauka ikafunguka, zikawa nje. Kama koni yako imejifunga, iache juani siku kadhaa. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba kufunguka huko hakuhitaji uhai, itumbukize kwenye maji: itajifunga. Ianike: itafunguka tena.

Muda nao uweke kwenye daftari. Kwenye kunde, kutoka chavua kugusa stigma hadi mbegu kukomaa ni wiki chache. Kwenye msonobari, chavua ikishafika kwenye ovuli, urutubishaji wenyewe husubiri karibu mwaka, na koni hukomaa mnamo mwaka wa pili. Tofauti nyingine haionekani kwa lenzi lakini inaulizwa: kwenye kunde, kama ilivyo kwa mimea yote ya maua, seli mbili za kiume hufanya kazi, moja ikizaa kiinitete, yaani mmea mchanga ndani ya mbegu, na ya pili ikianzisha endospemu, tishu ya chakula chake. Msonobari hurutubisha mara moja tu. Chakula cha mbegu yake ni tishu ya mama iliyokuwepo kabla ya urutubishaji.

Hatua ya 8: Mbegu

Loweka kunde usiku kucha. Loweka na mbegu za msonobari siku moja hadi mbili, ukizitupa zinazoelea, maana nyingi ya hizo ni tupu.

Menya kunde. Inagawanyika nusu mbili, hizo ni kotiledoni, na kiinitete kidogo kimejikunja ubavuni. Dondosha tincha ya ayodini kutoka duka la dawa: inageuka bluu nyeusi, kuna wanga. Endospemu huioni kwa sababu kiinitete kilishaitumia, na chakula chake kimehamia kwenye kotiledoni.

Pasua mbegu ya msonobari kwa urefu. Kiinitete kimelala katikati kama kijiti, kimezungukwa na tishu nyeupe ya chakula. Iponde kwenye karatasi nyeupe, uiache ikauke, kisha inua karatasi kwenye mwanga: doa linalopitisha mwanga ni mafuta. Kunde huhifadhi zaidi wanga na protini, msonobari zaidi mafuta na protini.

Rusha mbegu ya msonobari ikiwa na bawa lake kutoka dirisha la ghorofani, kisha nyingine uliyoing'oa bawa. Pima muda wa kila moja kufika chini. Kunde hazina bawa. Ganda kavu hupasuka na kuzimwaga karibu, au binadamu huzibeba.

Otesha zote mbili. Kunde zitatoka ndani ya wiki, na kotiledoni mbili juu ya udongo. Msonobari utachukua wiki mbili hadi nne, kisha utatoa duara la kotiledoni kadhaa nyembamba, zaidi ya mbili. Hesabu. Lakini si idadi hiyo inayoutenga msonobari na dikotiledoni: hizo ni mimea ya maua, na msonobari hauna ua wala ovari.

Hatua ya 9: Kuandika

Chora jedwali la safu tatu: kipengele, msonobari, kunde. Kila mstari lazima uwe na kitu pande zote mbili kuhusu jambo lilelile. "Msonobari una sindano, kunde ina maua ya zambarau" si ulinganisho. "Jani la msonobari ni sindano yenye mishipa isiyotawanyika, jani la kunde ni vijani vitatu vyenye wavu wa vena" ni ulinganisho.

Mpangilio ninaoupendekeza ni mbegu kwanza, kisha viungo vya uzazi, uchavushaji, urutubishaji, halafu majani, shina, mizizi, na mwisho muda wa maisha: kunde humaliza kazi kwa miezi miwili hadi mitatu na kufa, wakati msonobari wa mbao huachwa shambani zaidi ya miaka 15.

Usisahau yanayofanana, maana maswali mengi huyadai na wengi hawayaandiki. Mimea yote miwili ina zailemu na floemu (njia za maji na za chakula), inatengeneza mbegu na chavua, haihitaji maji ya nje ili seli ya kiume ifike kwenye yai (jambo linaloitofautisha na jamii ya kangaga), na hushirikiana na viumbe wa udongoni.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, upande wa magharibi wa ziwa, wilayani Missenyi mkoani Kagera, kuna Msitu wa Minziro, karibu na mpaka wa Uganda. Katika sehemu zake zinazofurika maji, miti mikubwa inayotawala ni podo, konifa wetu wa asili, na Baikiaea insignis, mti wa jamii ya mikunde wenye maua makubwa. Hapo konifa na mkunde huota pamoja yenyewe, bila mtu kuipanda. Msitu huo umehifadhiwa: nenda na kalamu na kamera, wembe uache nyumbani.

Vielelezo vyako vihifadhi. Maua na majani ya kunde yabane kati ya magazeti chini ya vitabu vizito, ukibadilisha magazeti kila siku kwa wiki nzima. Koni zikauke juani kwanza, la sivyo zitaota ukungu. Kila kimoja kiandikie jina, mahali kilipotoka, tarehe na aliyekichuma.